Viatu Vyeupe vya Shemeji

Pasi hakuwa mtu wa kugombana, na ndiyo maana alipokasirika watu walichelewa kujua. Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani, kwanza kwa sababu ya mashine aliyoishika, ile inayoziba pakiti za maziwa kwa joto, na halafu kwa sababu yake mwenyewe. Pasi, walisema, haipigi kelele ikiwa moto. Unajua ukishaigusa.

Jumapili ile asubuhi haikufaa kumgusa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kando ya bomba, na mbele yake beseni lenye viatu vyake vya kazi. Vilikuwa viatu vya turubai nyeupe na soli ya mpira, vya kufunga kwa kamba, ambavyo kiwanda huwapa wote wanaoingia kwenye ukumbi wa kujazia maziwa. Siku alipovipokea vilikuwa vyeupe pe. Sasa turubai ilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na pale mpira unapokutana na kitambaa palikuwa na mstari wa njano iliyokolea, kama alama ya maji yaliyokaukia kwenye sufuria.

Kamba alikwisha kuzichomoa na kuzilowesha kwenye kopo. Sasa alikuwa anasuuza. Hakutia sabuni wala kitu kingine. Alikandamiza turubai kwa vidole gumba, akainusa, akamwaga maji, akajaza mengine. Kila alipomwaga, aliyasindikiza yale maji kwa macho mpaka mwisho wa mfereji, kama mtu anayemtoa mgeni ambaye hakumwalika.

Kilichomchoma kilitokea Ijumaa. Msimamizi wa zamu, ambaye wafanyakazi walimwita Chokaa kwa vile alivyopenda kung'aa, aliwapanga wote mlangoni kabla ya kazi akaanza kukagua viatu, kama alivyozoea. Alipofika kwa Pasi alimwambia ainue mguu. Akauinua, mkono mmoja ukutani, kama punda anayesubiri kupigiliwa kwato. Chokaa akaugeuza mguu huku na huku kwa ncha ya kalamu, asije akashika. Akawageukia wengine akasema kiatu hiki hakihitaji brashi, kinahitaji daktari, maana kina homa ya manjano.

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa kuwa ilichekesha, wengine kwa kuwa aliyesema ni msimamizi. Pasi alisikia kicheko kile kikimpanda kuanzia kisigino.

Alitaka kujitetea. Alifungua kinywa akasema, "Lakini shemeji..."

"Hapa hakuna shemeji," Chokaa akamkata. "Hapa kuna msimamizi. Shemeji yuko nyumbani."

Maana kweli Chokaa alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, tumbo moja. Akaendelea kuwaambia wale wengine kwamba sasa wamejionea, hampendelei mtu, hata mke wa mdogo wake hamwachi. Jumatatu atakagua tena. Yeyote ambaye kiatu chake hakitakuwa cheupe, asiingie ukumbini. Aende moja kwa moja kwenye kreti.

Kreti zilikuwa uani, nyuma ya kiwanda, pale yanaporudi makasha ya plastiki kutoka madukani yakiwa na matope na maziwa yaliyoganda. Wanaoyaosha husimama kwenye maji baridi kutwa. Si kazi ya aibu, na Pasi hakuwahi kuidharau, ila ilikuwa na tabia moja: aliyepelekwa huko harudi. Mashine yake atapewa mwingine, na yule mwingine akishaizoea, nani atamkumbuka wa nyuma? Na mashine ile Pasi hakufundishwa na mtu. Aliiba kazi kwa macho wakati alipokuwa mfagizi, akajua mlio wake ikiwa na njaa ya plastiki na mlio wake ikiwa inataka kukwama. Hakuwa na cheti. Alikuwa na ile mashine.

Sasa, kuhusu ile njano. Kwenye mlango wa ukumbi, sakafuni, kulikuwa na hodhi bapa la saruji lenye maji ya klorini, kina chake cha kufunika soli. Wafanyakazi waliliita Mto. Kila anayeingia lazima auvuke kwa miguu yote miwili, ili vijidudu vya nje vibaki nje, kwa sababu maziwa ni kama mtoto mchanga, hayachagui ugonjwa. Wengi huuvuka asubuhi na wakitoka kula. Lakini mwenye mashine ya kuziba ndiye anayefuata rola za plastiki stoo, na plastiki inakwisha haraka. Pasi aliuvuka Mto kutwa nzima, huku na huku, na Mto ukamla viatu. Klorini inaingia kwenye turubai na kwenye gundi, haitoki, na jua likiipiga ndipo inapogeuka rangi.

Tangu ukaguzi wa viatu uanze, watu walikuwa wamepata dawa yao. Waliuruka. Hatua moja ndefu kutoka ukingo huu mpaka ule, na kiatu hakijui kama kuna maji. Kasuku, jirani yake kwenye mashine, mwanamke ambaye hata akinyamaza unadhani anaongea, alikuwa amemshauri waziwazi. Alimwambia dada, ruka kama sisi, kiatu kitakaa kama cha bibi harusi. Pasi hakumsema kwa mtu. Hakupenda kumhukumu mtu haraka, na alijua kila mmoja pale ana watoto na ana hofu ya kreti. Yeye aliendelea kuvuka tu.

Halafu pakiti zikaanza kuvimba. Zilirudi kutoka madukani zimetuna kama vitumbo, na Chokaa akasema ni mashine ya Pasi haibani sawasawa. Pasi alijaribu kueleza kwamba pakiti isiyobanwa huvuja, haivimbi. Inayovimba ni ile iliyobanwa vizuri na kitu kikaoza ndani. Chokaa alimwambia aache ubishi. Hilo nalo alikuwa amelimeza. Ijumaa likaongezewa homa ya manjano juu yake.

Basi akasuuza. Hasira hasara, watu husema, na yeye alikwisha kulipa hasara hiyo wiki iliyopita, baada ya Chokaa kumtupia neno la kwanza kuhusu viatu. Alirudi nyumbani na moto wake akavitumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia nguo, nyingi, bila kupima, akavisugua mpaka mikono ikawasha, kisha akaviweka juu ya paa penye jua kali. Vilikauka vikiwa njano kuliko mwanzo. Alikuwa ameongeza klorini juu ya klorini, halafu akaipikia juani. Alipoviona alicheka peke yake, kicheko kibaya. Kwa hiyo safari hii alijiambia hasira ikae pembeni ingoje zamu yake. Kwanza itoke dawa yote. Baadaye atatumia siki, na siki haikutani na klorini. Vikikutana vinatoa mvuke unaokaba koo, na yeye hakutaka kufa kwa ajili ya Chokaa.

Mumewe, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno mafupi na mzaha mrefu, alitoka na kikombe cha chai mkononi akasimama mlangoni. Alitazama beseni.

"Hao samaki hawajafa tu?"

Pasi hakuinua kichwa. Mumewe akasogea, akachuchumaa, akauliza kwa sauti ya chini kama amsaidie. Pasi akamwambia ampe mswaki wa zamani na soda ya unga, ile ya kuumulia keki, na chupa ya siki, na asiulize kitu. Mumewe akavileta vyote na hakuuliza. Ila aliporudi ndani alisema kwamba kaka anakuja kula mchana, mama amemwita.

Mama alikuwa mama mkwe wake, aliyekaa nao chumba cha mbele. Alikuwa mwanamke mwema, mwenye ugonjwa mmoja usiotibika: mwanawe mkubwa. Alipotoka kunawa alisimama juu ya beseni akasikitika. Akasema viatu vimeharibika hivi kwa nini, mwanangu, mbona mwenzio viatu vyake vinawaka, na kazi ni hiyohiyo, na kiwanda ni hichohicho? Tangu utotoni yule alikuwa hivyo, ukimvalisha asubuhi unamvua jioni, nguo kama imetoka dukani.

"Ndiyo, mama," Pasi akasema.

Alipoona maji hayanuki tena, alichanganya soda na siki kidogo kwenye kibakuli. Ikafura na kuchemka kwa hasira, ikatulia, akapata uji mzito. Akaupaka kwa mswaki, akianzia ncha ya kiatu kwenda nyuma, kwa duara ndogondogo, bila kukandamiza sana, maana turubai ikichanika nyuzi hunasa uchafu upya. Kwenye ukingo wa mpira alitumia dawa ya meno. Kila duara alilolisugua alikuwa na neno lake la kusema, na yote alimwambia Chokaa, na hakuna hata moja lililotoka mdomoni. Alimwambia kuhusu punda. Alimwambia kuhusu ncha ya kalamu. Alimwambia kwamba walipokuwa hawana kitu, yeye na mumewe, Chokaa hakuja kula Jumapili.

Viatu vilianza kukubali. Kwanza kwenye ulimi, halafu ubavuni. Aliviacha na uji wake kivulini akaingia kupika.

Chokaa alifika akiwa amevaa vile viatu vyake vinavyowaka. Alikuwa anatoka kiwandani. Alieleza kwa sauti kubwa tangu akiwa njiani kwamba alipita kuangalia watu wa zamu ya Jumapili, akazunguka ukumbi wote, na bila yeye hapaendeki. Mlangoni akavivua, akavipanga visigino vikiegemea ukuta, akaingia na soksi nyeupe. Mama yake akampokea kama mtu aliyetoka safari.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alimtania Pasi kama mashemeji wanavyotaniana. Alisema leo amekuja kuchukua mke wake, amemwazima mdogo wake muda mrefu mno. Alisifu chakula kabla hakijafunuliwa. Kwa dirisha alikuwa ameviona viatu uani vikiwa vimepakwa ule uji, akauliza shemeji unavitengenezea keki au unavizika? Mumewe Pasi alicheka kidogo, akamtazama mkewe, akaacha. Habari ya Ijumaa hakuna aliyeitaja. Ilikaa mezani kama sahani ya tano.

Walipomaliza kula, Pasi alitoka kwenda kusuuza ule uji. Ilimbidi apite mlangoni. Viatu vya shemeji yake vilikuwa pale, vimetulia, vyeupe kiasi cha kuumiza macho, na yeye akasimama. Kwa kweli hakusimama kwa ubaya. Alitaka kujua huyu mtu anatumia nini kwenye mshono, pale ambapo mswaki wake mwenyewe ulikuwa umeshindwa. Aliokota kimoja akakigeuza.

Soli ilikuwa imelika upande wa nje, kama watembeavyo ndugu wote wa ukoo ule. Si kipya, basi. Mstari wa mpira na turubai ulikuwa mweupe. Akachungulia mshono. Mweupe. Akakipeleka puani.

Kilinuka vumbi. Kilinuka mguu, na soksi iliyoloa jasho. Akanusa tena, taratibu, kama anavyonusa rola mpya ya plastiki kabla ya kuifunga kwenye mashine. Akaingiza kidole chini ya soli, kwenye mifereji yake, akakitoa kikavu chenye unga wa barabarani.

Pasi hakuharakisha. Alijiuliza kama pengine amevifua jana. Lakini leo asubuhi ameingia navyo ukumbini. Kasema mwenyewe, mara mbili. Aliyeuvuka Mto leo, kiatu chake kinanuka mpaka kesho kutwa. Vyake yeye vilihitaji asubuhi nzima ya maji ndipo harufu iondoke. Alijiuliza kama labda Mto ulikuwa mkavu kwa kuwa ni Jumapili. Lakini hodhi hujazwa kila zamu inapoingia, na zamu imeingia. Aligeuza hili na lile, akaitafutia kila njia ya kutokea, na zote zikamrudisha palepale. Msimamizi anauruka Mto. Si leo tu. Mshono ule haujawahi kuonja dawa.

Na weupe huo ndio alioupimia mguu wa Pasi kwa kalamu.

Alirudi ndani na kiatu mkononi. Mama mkwe alikuwa anamwongezea mwanawe maji ya kunywa.

"Shemeji," Pasi akasema, "kiatu chako hakinuki."

Chokaa alicheka akasema ndio usafi wenyewe huo, ajifunze.

"Hakinuki dawa."

Kicheko kilipungua lakini hakikufa. Aliangalia kiatu, akamwangalia mdogo wake, akaangalia glasi. Halafu akasema mambo ya kazini yabaki kazini. Hapa wamekuja kula.

"Kazini umesema hakuna shemeji. Nyumbani unasema hakuna kazi. Nikuambie wapi?"

Mumewe aliweka glasi chini. Mama mkwe akaingilia haraka, sauti ya kubembeleza, akasema mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite, leo ni siku ya watu kukaa pamoja, kiatu kirudishe nje. Akasema hata mkono wenye kiatu haufai juu ya chakula, na hapo alisema kweli. Pasi alikishusha kiatu pembeni lakini hakutoka.

Chokaa sasa alilainika. Aliinama mbele akasema kama mtu anayetoa zawadi kwamba asiwe na wasiwasi wa kesho. Hata visipotoka vizuri, atampitisha. Atamwangalia kwa jicho la shemeji. Ijumaa alilazimika tu, watu wangesema. Na yeye mwenyewe anajua pale kiwandani kila mtu anaruka, maji yale yanaharibu viatu, wakubwa wanataka kuona weupe, sasa mtu afanye nini? Pasi naye aruke. Nani amemkataza?

Hapo ndipo Pasi alipofika pale ambapo pasi hufika. Kama Chokaa angemdanganya, angemvumilia zaidi. Lakini alikuwa amekiri kama mtu anayeeleza njia ya mkato ya kwenda sokoni. Pakiti zilizovimba zilipita mbele ya macho yake, na watu waliozirudisha, na wasiozirudisha wakanywa. Na kosa alilotupiwa yeye na mashine yake.

"Sihitaji jicho la shemeji," akasema. "Viatu vyangu vitakuwa vyeupe. Wewe kesho uvuke."

Akatoka. Nyuma yake alisikia mama mkwe akisema huyu leo ana nini, na mumewe akijibu, polepole, kwamba mama, ana haki.

Uani alisuuza ule uji mpaka maji yakatoka safi. Kilichobaki kilitaka utulivu. Alichukua karatasi nyeupe za chooni akaviringa kiatu kimojakimoja, tabaka juu ya tabaka, kingali na majimaji, akizikandamiza zishike kila mkunjo. Rangi ya njano iliyobaki ndani hupanda na maji yanapokauka. Isipokutana na kitu hubaki juu ya turubai, lakini ikikuta karatasi hupandia huko. Akaviweka kwenye kivuli chini ya dirisha, mbali na jua.

Chokaa alipokuwa anaondoka alipita pale akivaa viatu vyake kwa kurukaruka. Hakutania. Alisema tu kwamba awe mwangalifu, kazi haina undugu.

Jioni alizibandua zile karatasi. Zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, zimekakamaa kama ganda la yai, na chini yake viatu vilikuwa vyeupe. Si vyeupe vya dukani. Vyeupe vya kitu kilichotumika kikaoshwa na mtu anayejua. Mumewe alivitazama akapiga mluzi, akamwambia amweleze anataka kufanya nini kesho. Akamweleza. Mumewe akasema yule ni kaka yake na Jumapili atakuja tena. Pasi akasema anajua. Mumewe akachukua kamba zilizokauka akaanza kuzipitisha kwenye matundu, moja baada ya nyingine.

Jumatatu walipangwa nje ya mlango wa ukumbi, Mto mbele yao ukinuka. Chokaa alikuja kutoka nyuma ya mstari, akisema nipisheni, nipisheni, na alipofika ukingoni akaruka. Ulikuwa mruko mwepesi, kama wa mtu anayekwepa dimbwi, jambo ambalo kila mtu alikuwa analiona siku zote na hakuna aliyekuwa ameliangalia. Akageuka upande wa pili, akawakabili, akamwita Pasi wa kwanza.

Aliinama juu ya maji akamwambia ainue mguu. Akauinua. Alikigeuza kiatu kwa kalamu, akakiangalia kwa muda, na watu wa nyuma wakanyoosha shingo. Kilikuwa cheupe.

"Mmeona?" Chokaa akawaambia. "Mtu akiambiwa, anasikia. Ingia."

Pasi akatia mguu wa kulia kwenye Mto, akatia na wa kushoto, maji yakafunika soli na kulamba turubai ile aliyoisugua jana. Lakini hakutoka upande wa pili. Alisimama humohumo.

"Ingia, unachelewesha watu."

"Nakungoja, shemeji."

Chokaa alishusha sauti akasema amekwisha kumwambia, hapa hakuna shemeji.

"Basi avuke msimamizi," Pasi akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Wale wa nyuma ilibidi wasogee kumsikia. "Msimamizi akikataa, avuke shemeji. Mmoja wenu avuke. Umeruka, na sisi tumekuona, na maziwa yanavimba."

Chokaa alicheka, akawatazama wengine wamsaidie kucheka. Ijumaa walikuwa wamemsaidia. Sasa mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe, vyeupe, na mwingine anaangalia dari. Kasuku akakohoa. Halafu akasema, bila utani wowote, kwamba sisi sote tunaruka, bosi, tusidanganyane. Lakini wewe ndiwe wa kwanza kuingia, ukivuka tutavuka.

Mashine ndani zilikuwa zimewashwa, zinanguruma zikiwa tupu. Mwishowe Chokaa alirudi, akashuka kwenye Mto kwa mguu mmoja, akasita, akashusha wa pili. Wakasimama wawili ndani ya lile hodhi, ana kwa ana, karibu kuliko wanavyosimama mashemeji.

"Kreti," akamwambia. "Leo hii. Mashine usiiguse."

Pasi alijua litakuja. Alikuwa amelijua tangu Jumapili wakati akiviringa karatasi, na bado lilipofika lilimchoma mahali ambapo hakulitegemea. Alitoka kwa upande alioingilia. Wenzake wakampisha. Nyuma yake alisikia miguu ikishuka majini, mmoja mmoja, na haikuruka. Hakugeuka. Alijua kama angegeuka angeitazama mashine.

Uani alimpokea mzee anayesimamia kreti. Alimpa mabuti ya mpira na bomba la maji. Pasi alivua viatu akavitundika juu ya msumari, maana havikuwa na kazi tena huko, akaanza. Kreti zilinuka maziwa ya siku nyingi. Aliziosha kama alivyoosha kila kitu, kona kwanza, halafu kuta, halafu chini. Hasira haikupungua kwa maji. Wala hakuiombea ipungue.

Mchana Chokaa alikuja. Alisimama pakavu, pembeni, mikono mifukoni, viatu vyake vyeupe vimeloa. Alianza kusema habari ya hewa, akaacha. Alisema watu leo wanavuka wote, kama anaripoti. Akangoja. Pasi akapindua kreti nyingine.

"Ungeniambia nyumbani, shemeji," akasema. "Yasingefika huku."

Pasi alizima bomba ili amsikie vizuri.

"Nilikuambia nyumbani."

Chokaa akatoa mikono mifukoni, akairudisha. Pasi alijua anachokingoja. Neno moja tu la kuomba, hata nusu yake, hata pole ya kinafiki, na mashine ingerudi, maana Chokaa hakuwa mtu mbaya kiasi cha kushindwa kusamehe aliyenyenyekea. Alikuwa amesimama pale kumrahisishia.

Pasi akafungua bomba. Maji yakaruka mpaka karibu na alipokuwa amesimama, akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, na yeye akavuta kreti iliyofuata. Zilikuwa nyingi.